Shemeji alinifungia triga mpya kwenye bastola yangu, sasa kiwanda kinauliza

Shikamoo Bi Mshauri,

Natumaini u mzima wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, mwenyeji wa Tanga, ninayeishi Texas na mume wangu na mtoto wetu wa miaka sita. Nauguza wazee, zamu ya usiku. Jina langu naomba lisitoke, maana jambo hili linagusa ukoo wa mume wangu, na Watanzania wa mji huu tunafahamiana wote.

Nina bastola. Najua msomaji aliye nyumbani atashtuka, kwa kuwa kule kibali cha silaha ni safari ndefu ya ofisi hadi ofisi. Huku inauzwa dukani. Niliinunua mwenyewe, kwa jina langu, nilipokwisha kupata ukaazi wa kudumu, baada ya jirani yetu kuvunjiwa nyumba usiku. Ni ya milimita tisa, aina isiyo na nyundo kwa nje. Niliogopa kuwa na kitu nisichokijua, nikajiunga na kina mama wanaofanya mazoezi ya shabaha Jumamosi. Nikaupenda mchezo wenyewe. Ni saa chache za wiki ambazo akili yangu haiko kwa wagonjwa.

Bastola ilianza kunisumbua ikiwa bado mpya. Ukipiga, mara nyingine ganda tupu halitoki nje, linabanwa mlangoni na slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, haifungi. Mume wangu alisema ni risasi za bei nafuu ninazonunua. Nikabadilisha, ikapungua lakini haikwisha. Nilikuwa napanga kuwaandikia kiwanda, waranti ikiwa bado hai, lakini kwa zamu zangu siku zikawa zinapita.

Hapo ndipo anapoingia shemeji, mdogo wake mume wangu. Bi Mshauri, huyu kijana ndiye aliyetupokea tulipokuja. Tulilala sebuleni kwake mpaka tukapata pa kwetu, na hajawahi kututajia hata siku moja. Ana mkono wa ufundi, na wikendi marafiki humletea bunduki zao awasafishie na kuwafungia vitu. Siku yangu ya kuzaliwa akaniletea zawadi: triga, yaani kile kifyatulio cha kuvutwa kwa kidole, ya kampuni nyingine, ya alumini, imekuja na springi zake kwenye pakiti. Akaifunga palepale kwenye meza yangu ya jikoni. Akanionyesha kwa kimizani chake kwamba ile ya kiwandani ilikuwa ikivutwa kwa ratili tano na nusu hivi, na hii mpya ni tatu na nusu. Ukweli ni kwamba nalenga vizuri zaidi. Triga ile naipenda, na zawadi yenyewe ilinigusa moyo.

Lakini tangu hapo kumezuka jingine. Navuta, nasikia “tik”, risasi hailii. Nikiitoa na kuigeuza, kitako chake kina kishimo chepesi tu, kama alama ya ukucha, wakati maganda ya risasi zilizolia yana kishimo kilichozama. Na lile la ganda kubanwa lipo vilevile.

Nikapiga simu kiwandani. Mama aliyepokea alikuwa mpole, akanitumia fomu. Humo kuna swali: je, silaha hii imefungwa kifaa chochote kisichotengenezwa nasi, na nani aliyekifunga? Fomu iko kwenye droo, haijajazwa.

Mume wangu anasema jambo ni rahisi: mdogo wake arudishe triga ya zamani, tuweke alama kwenye “hapana”, tutume, tunyamaze. Shemeji anasema nikiandika “ndiyo” waranti imekufa siku hiyohiyo, na triga yake wataing'oa waitupe. Ameniomba kwa vyovyote nisiandike jina lake. Nimesoma kijitabu kilichokuja na bastola, na kweli kimeandika kwamba mabadiliko yoyote yanaondoa waranti. Lakini mwenzangu mmoja pale uwanjani amenihakikishia kuwa kuna sheria ya shirikisho inayowakataza kufanya hivyo, eti nijaze ukweli wote kwani hawana la kunifanya. Nimwamini nani?

Kazini kwangu nikisema mgonjwa amekunywa dawa wakati hajanywa, mtu anaweza kufa. Mkono wangu haujazoea kuandika “hapana” mahali pa “ndiyo”. Lakini pia sitaki kumvunjia heshima mtu aliyetulaza kwake. Habari zimeshafika hadi Muheza. Mama mkwe amenipigia na kuniambia kwamba zawadi haipelekwi kwa wenyewe ikakaguliwe. Nikinyamaza, nimekosa kwa dhamiri. Nikisema, nimekosa kwa ukweni, na huenda waranti nayo nikaikosa.

Nisaidie, mama.

Niliye Njia Panda, Texas

*

Marahaba, mwanangu. Pole na zamu za usiku, na pole kwa kuletewa ugomvi na kitu ulichopewa kwa upendo.

Mimi mwenyewe bastola sina, lakini barua yako sikuijibu kwa kukisia. Sheria ya waranti nimeisoma, na upande wa mtambo nimekaa na mkufunzi wa shabaha ninayemwamini, nikamsomea maelezo yako bila kukutaja. Alipofika pale pa kishimo chepesi kwenye kitako cha risasi aliniomba nirudie kusoma. Nitakueleza kwa nini.

Kama nimekuelewa, una bastola yenye kasoro iliyokuwapo kabla ya triga, na kasoro nyingine iliyokuja baada ya triga. Una fomu inayotaka ukweli, mume anayetaka yaishe, shemeji anayeogopa, na mkwe ambaye kwake hili ni suala la adabu. Na wewe umeyafunga yote katika kisanduku kimoja cha “ndiyo” au “hapana”. Naomba tukifungue kwanza, maana naona ndani yake kuna mambo kadhaa ambayo hayalazimiki kwenda pamoja.

Tuanze na waranti, kwa sababu hapo umeambiwa maneno mawili yanayopingana na kila moja lina ukweli nusu.

Mwenzako wa uwanjani hakukudanganya. Marekani ina Sheria ya Waranti ya Magnuson-Moss, ya mwaka 1975. Inasema kwamba kampuni ikishatoa waranti ya maandishi kwa bidhaa ya matumizi ya nyumbani, haiwezi kuifunga waranti hiyo kwa sharti kwamba mteja atumie vipuri au huduma za jina fulani tu, isipokuwa iwe inampa vitu hivyo bure, au imepewa ruhusa maalumu na Tume ya Biashara ya Shirikisho, ile inayojulikana kwa herufi FTC. Na si sheria iliyolala kabatini. Mwaka 2022 tume hiyo iliichukulia hatua Harley-Davidson ya pikipiki, Weber ya majiko ya kuchomea nyama, na kampuni inayotengeneza jenereta za jina la Westinghouse, kwa kuwaambia wateja kwamba wakitumia vipuri vya wengine au mafundi wengine waranti yao imekwisha. Kwa hiyo sentensi uliyoisoma kwenye kijitabu, kwamba badiliko lolote linaondoa waranti yote, isikutishe kama vile ni hukumu ya mahakama. Kampuni inaweza kuiandika, lakini kuandikwa kwake hakuifanyi iwe na nguvu zote inazojidai.

Ila shemeji naye hakutunga. Sheria hiyohiyo haimlazimishi mtengenezaji kulipia uharibifu uliosababishwa na kifaa cha mtu mwingine au na ufungaji mbovu. Akionyesha kwamba tatizo limetokana na triga ile, anaweza kulikataa tatizo hilo. Na mpaka wake ndipo ulipo: anakataa hilo, si yote. Kidole cha chuma kinachovuta ganda kutoka chemba, kama kimetoka kiwandani na kasoro, hakikupata kasoro hiyo kwa sababu ya triga ya alumini. Kiwanda kikisema “tumekuta triga ya kigeni, hatugusi chochote”, hapo una haki ya kuwauliza ganda kubanwa kunahusiana vipi na triga, na kuwataka wajibu kwa maandishi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Sheria hiyo haimlazimishi yeyote kutoa waranti. Ruger, moja ya kampuni kubwa za silaha Marekani, imekaa miaka mingi bila kutoa waranti ya maandishi, na yenyewe hueleza kwamba ni kwa sababu ya masharti ya sheria hii. Wateja hutengenezewa kwa desturi ya kampuni tu. Nyingine, kama Smith & Wesson, hutoa waranti ya mwaka mmoja kisha huahidi huduma ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza wa bastola. Kwa hiyo chukua karatasi yako uangalie: ulichonacho ni waranti yenye muda, au ni ahadi ya huduma? Muda wake bado upo? Pale penye hisani zaidi ya mkataba, namna unavyozungumza nao ina uzito kuliko kifungu chochote cha sheria. Wewe ndiye mnunuzi wa kwanza, na hilo ni jambo zuri kwako.

Sasa nije kwenye mtambo, na hapa naomba unisikilize taratibu.

Katika bastola ya aina yako, triga si kitufe. Unapoivuta, inasukuma upau ulio ndani. Upau huo unamalizia kuirudisha nyuma pini ya kupigia, unainua kizuizi kinachoizuia pini hiyo isiende mbele yenyewe, kisha unaiachia. Usalama wa bastola ukianguka chini unategemea vipande hivyohivyo. Mwaka 2017 kampuni ya silaha ya SIG Sauer ilitangaza kuziboresha bastola zake za P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kulia zenyewe. Mojawapo ya waliyobadilisha ni triga: waliweka yenye uzito mdogo zaidi yenyewe, kwa sababu ile nzito ilikuwa inaendelea na mwendo wakati bastola imeshasimama chini. Ninalitaja hili nikijua hicho kilikuwa kifaa cha kiwandani chenyewe, si cha kubadilisha. Nataka uone kwamba gramu chache mahali hapo si urembo, na kwamba waliotengeneza wenyewe huhitaji kupima upya.

Na kile kishimo chepesi? Mkufunzi aliniambia jambo la kwanza analolifikiria ni springi. Pakiti nyingi za triga huja na springi laini zaidi ya pini, kwa kuwa sehemu ya ule wepesi unaoupenda inatoka huko. Springi laini inaipiga risasi kwa nguvu ndogo. Risasi yenye kiwashio laini, ile sehemu ya kitakoni inayogongwa na pini, italia, yenye kiwashio kigumu itakupa “tik”. Inawezekana pia upau haukukaa sawa, au kuna uchafu kwenye njia ya pini. Kwa mbali hakuna awezaye kuapa. Lakini bastola ambayo leo hailii unapotaka ni bastola ambayo hujui kesho itafanya nini usipotaka, na kwa sababu hiyo peke yake ningekuomba usiipige tena mpaka fundi mwenye leseni aifungue. Ikikufika tena “tik” kabla ya hapo, iache imeelekea kwenye shabaha kwa nusu dakika nzima ndipo uitoe risasi, maana zipo zinazochelewa. Nyumbani una mtoto wa miaka sita. Najua unaifungia, lakini triga ya ratili tatu na nusu, yaani kama kilo moja na nusu, ndani ya nyumba yenye vidole vidogo ni sababu ya kuutazama upya mfuniko wa kasha na mahali ufunguo unapolala.

Umenielewa sababu ya kukueleza haya kabla ya habari za dhamiri? Wewe umelichukulia swali la fomu kama mtego wa kukunyima haki. Pengine kampuni inalitumia hivyo, siwezi kuusemea moyo wa kampuni. Lakini fundi atakayeifungua bastola yako anahitaji jibu hilo kama wewe unavyohitaji kujua mgonjwa amekunywa nini kabla hujampa dawa nyingine. Akipewa bastola yenye triga ya zamani na neno “hapana”, ataipiga, italia vizuri, ataandika “hatukuona kasoro” na kuirudisha. Kisha shemeji atafunga tena triga yake, na “tik” itarudi, safari hii ukiwa unaamini kwamba imekaguliwa na wenyewe.

Upo pia uwezekano wa kugundulika. Vyuma vinavyosuguana huachiana alama, na mtu anayefungua bastola kila siku huona upau ambao michubuko yake hailingani na vipande vilivyo jirani. Akishaona hivyo, lile dai la ganda kubanwa, ambalo ni halali yako kabisa, linaingia shaka pamoja na mengine.

Je, hiyo ina maana usirudishe triga ya zamani? Hapana, na hapa ndipo ninapomwona mume wako ana hoja, ingawa ameifunga na kitu kingine. Kurudisha triga ya kiwandani ni jambo moja, kuficha kwamba ilitolewa ni jambo jingine. Unaweza kufanya la kwanza bila la pili. Mpelekee fundi bunduki mwenye leseni, airudishe pamoja na springi zake zote za asili, kisha ijaribiwe kwa risasi nzuri za kiwandani. Kama “tik” imekwisha na ganda bado linabanwa, umeshazitenganisha kasoro zako mbili, na barua yako kwa kiwanda inakuwa nyepesi: bastola ilikuwa ikibana maganda tangu mpya, baadaye ilifungwa triga ya kampuni nyingine, imetolewa, vifaa vyenu vimerudishwa, bado inabana maganda. Utamlipa fundi ada yake, na huenda kiwanda kikauliza maswali zaidi, lakini dai lako litakuwa na miguu ya kusimamia.

Ukipenda, itume kama ilivyo na maelezo yote. Faida yake ni kwamba wataikuta kasoro katika hali yake. Hatari yake shemeji ameitaja: vipo viwanda ambavyo haviirudishi silaha mpaka vimeondoa kifaa cha kigeni na kuweka chao, na gharama unalipa wewe. Waulize kabla hujatuma, kwa barua pepe, kama watakurudishia triga hiyo mkononi. Ni mali yako, na kuuliza si vita.

Upo pia uamuzi wa kutotuma kabisa, ukamlipa fundi wa karibu abadilishe kile kidole cha kuvutia ganda. Ni kazi ndogo kwa anayeijua, na fomu unaiacha kwenye droo. Unachokipoteza ni kumbukumbu ya kiwanda kwamba bastola hiyo ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kama kasoro ni kubwa zaidi ya kidole hicho utakuwa umelipa mara mbili.

Na kama unachokipenda ni wepesi, ujue kwamba baadhi ya watengenezaji, Glock na Walther wakiwamo, huuza triga zao wenyewe zilizoboreshwa kwa baadhi ya modeli. Ulizia kama wako wanayo. Huenda ukapata raha ileile ya kulenga bila mzozo huu. Kumbuka tu kwamba triga nyepesi kwa bastola ya uwanjani na triga nyepesi kwa bastola ya kulinda nyumba ni maswali mawili. Wakufunzi na mawakili wanabishana miaka nenda rudi kuhusu mtu aliyejitetea kwa bastola iliyolegezwa triga na maswali atakayoulizwa mahakamani. Sina neno la mwisho katika ubishi huo. Ningependa ulisikie kwa mtu anayeijua sheria ya Texas, kabla hujaamua bastola hiyo moja ifanye kazi zote mbili.

Sasa shemeji.

Umesema anaogopa jina lake kuandikwa. Wewe umesikia aibu; mimi nilijiuliza kama hakuna hofu nyingine. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inataka mtu anayefanya biashara ya kukarabati silaha awe na leseni ya shirikisho, na katika kueleza biashara hiyo inataja kwa jina kazi ya kufunga mitambo ya triga. Sheria hiyohiyo inamwacha nje mtu anayekarabati mara mojamoja tu. Zawadi kwa mke wa kaka yake, aliyoifunga mezani kwako bila kuchukua senti, sioni kama ina tatizo hapo. Lakini hao marafiki wa wikendi, je, wanamlipa? Ni wengi? Kama naye hajawa raia, mpaka wa mara mojamoja na biashara ni jambo la kuliuliza kwa wakili mapema, kwa sababu makosa ya silaha yanaweza kumtoa mtu nchini humo hata akiwa na ukaazi wa kudumu. Anayemwambia hili anamlinda. Pengine ni mazungumzo yenye manufaa kwake kuliko bastola yako nzima.

Halafu, fomu inauliza nani aliyefunga. Kabla hujajitesa, wapigie tena uwaulize kama wanahitaji jina au wanataka kujua tu kama alikuwa fundi mwenye leseni. Kuandika “ilifungwa nyumbani na ndugu, si fundi mwenye leseni” ni ukweli mtupu, na hapo hakuna aliyeshtakiwa. Kama wanang'ang'ania jina, hapo tena unarudi kwake yeye mwenyewe, mkae mzungumze, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Unavyomwendea ni kitu unachokijua wewe kuliko mimi. Nafikiri tu kwamba kijana mwenye mkono wa ufundi anaweza kuumia zaidi akifichwa kuliko akiitwa. Mwonyeshe zile risasi mbili, yenye kishimo chepesi na ganda lililolia, umwulize, “Shemeji, wewe ungesemaje hapa?” Fundi wa kweli huvutwa na swali kama hilo. Huenda yeye mwenyewe akasema springi ile irudishwe ya zamani na triga ibaki. Huenda akakasirika, na hilo lipo. Mume wako akae karibu, lakini asiwe msemaji wako, maana bastola ni yako na jina lililo kwenye karatasi za duka ni lako.

Mama mkwe mpigie wewe, usimsubiri. Nadhani aliyoyasikia Muheza ni kwamba zawadi ya mwanawe imekataliwa. Akisikia kwako kwamba zawadi uliipenda, unalenga nayo vizuri, na unachokitafuta ni usalama wa mjukuu wake, mazungumzo yatakuwa mengine. Na hata kama hayatakuwa mengine siku hiyo, utakuwa umemheshimu kwa kumweleza wewe mwenyewe.

Ukiamua kutuma, mambo machache ya kazi. Bastola haifungwi ikapelekwa posta kama sahani. Sheria ya shirikisho inakuruhusu kuituma moja kwa moja kwa mtengenezaji kwa matengenezo, naye akakurudishia moja kwa moja, lakini tangu 2022 kampuni za kusafirisha vifurushi, UPS na FedEx, zimewabana sana watu binafsi wasio na leseni. Subiri lebo na maelekezo ya kiwanda, au pitia kwa muuzaji mwenye leseni. Itoke tupu, bila risasi hata moja kwenye kasha. Ile risasi yenye kishimo chepesi usiitie ndani, ipige picha. Piga picha pia ya triga zote mbili, ya namba ya bastola, ya risiti, na kama una video ya ganda likibanwa kabla ya siku yako ya kuzaliwa, hiyo ndiyo karata yako kubwa kuliko zote. Tazama kwenye simu. Kina mama wa Jumamosi hupigana picha sana.

Wakikataa, waombe sababu kwa maandishi na wakutajie ni kasoro ipi wanayoikataa. Malalamiko unaweza kuyapeleka FTC na kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas upande wa walaji, ingawa FTC hukusanya malalamiko na haikushughulikii kesi yako peke yako. Mahakama ndogo ya huko inasikiliza madai hadi dola 20,000 bila kulazimika kuwa na wakili. Sikusukumi huko kwa ajili ya kidole cha chuma. Nakwambia tu usidhani mlango ni mmoja.

Jibu la kiwanda likija, hasa wakikataa kwa maneno ya jumla bila kutaja sababu, nitumie nakala tuisome pamoja. Na msalimie shemeji.